Rangi za Mtoto Mwenye Selimundu
Mtoto anayeishi na selimundu, akishindwa kueleza panapomuuma, huweza kupachora. Mzazi wa Karagwe au Kyerwa, mpe karatasi na rangi, kisha mchoro huo mwoneshe daktari siku ya kliniki. Uchoraji humtuliza mtoto na kumpunguzia hofu, hautibu selimundu. Anayekuuzia “tiba ya sanaa” huku akikutaka usitishe haidroksiyurea aliyoandikiwa mtoto, mkatalie na utoe taarifa kituo cha afya.

Rangi za kupakia kuta tunazikataza kabisa: baadhi zina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Kipande cha mkaa chatosha. Akimaliza, anawe kwa maji ya vuguvugu, kwani baridi huweza kuamsha maumivu.