Barafu na Mikono Yetu

Tukisikia habari za glavu za baridi tunadhani ni mambo ya nchi za theluji. Lakini barafu tunayo hapa hapa Musoma. Samaki wanaouzwa Mwigobero hutunzwa kwa barafu, na wapo baba, mama na vijana wetu wanaoichota na kupanga samaki ndani yake kwa mikono mitupu. Mikono hiyo ndiyo inayolisha nyumba. Mwezi huu tujifunze namna ya kuikinga.

BARIDI INAFANYA NINI?

Mwili ukipata baridi hulinda kwanza moyo, ubongo na viungo vya ndani. Mishipa midogo ya damu ya vidoleni hujibana, damu yenye joto hupungua, vidole huuma, kisha hufa ganzi. Maji huondoa joto haraka kuliko hewa, yapata mara 25. Kwa hiyo mkono uliolowa huteseka upesi zaidi.

Tusiidharau ganzi. Mwenye ganzi hukatwa na kisu au huchomwa na mwiba wa sangara asijue. Kijeraha kisichooshwa hutunga usaha, na mtu anaweza hata kupoteza kidole.

Barafu inayoyeyuka ina nyuzijoto 0. Kwa kawaida haigandishi nyama ya mkono, lakini kuishika kwa saa nyingi, siku baada ya siku, kunaweza kuumiza mishipa ya fahamu. Kitu kilichotoka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri ni hatari zaidi, maana kinaweza kuigandisha ngozi yenyewe.

GLAVU IPI INAFAA?

Glavu ya baridi ina kazi mbili: kuzuia maji na kuhifadhi joto. Mpira mwembamba wa hospitali huzuia maji tu. Glavu ya kufumwa huhifadhi joto, lakini ikilowa inakuwa kama kitambaa cha maji baridi. Ndiyo maana glavu za theluji hutengenezwa kwa tabaka: nje kitambaa kisichopitisha maji, ndani kitu laini chenye hewa nyingi. Hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayohifadhi joto.

Theluji tunayo pia nchini kwetu, juu ya Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895. Wapagazi wanaobebea watalii mizigo huko huhitaji glavu kama hizo. Mradi wa KPAP wa Moshi, ulioanza mwaka 2003, umekuwa ukiwaazima mavazi ya baridi bila malipo.

Sisi wa ziwani tunaweza kufuata mfano huo kwa gharama ndogo:

1. Vaa ndani glavu ya sufu au nailoni. Pamba haifai, kwa sababu hushika maji.
2. Vaa juu yake glavu nzito ya mpira, ndefu kupita kifundo cha mkono.
3. Zisikubane. Glavu inayobana huzuia damu.
4. Kabla ya kazi, jaza glavu ya mpira hewa na uikamue uone kama inavuja. Yenye tundu isitumike.
5. Uwe na jozi ya pili ya ndani. Ya kwanza ikilowa, badilisha.
6. Baada ya kazi osha kwa sabuni, geuza nje ndani, anika kivulini.

MKONO UKIFA GANZI

Acha kazi, vua glavu na pete. Weka mikono kwapani, au katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu saa hivi. Mwenzako ayapime maji kwa kiwiko, kwa kuwa wewe hutajua kama yanaunguza. Usisugue vidole wala usiote moto wa jiko. Ngozi ikiwa ngumu na nyeupe, ikitoa malengelenge, au ganzi isipoondoka, nenda kituo cha afya bila kuchelewa. Malengelenge yasipasuliwe. Mwenye kisukari na mvuta sigara wawe waangalifu zaidi.

NANI ANUNUE?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Si fadhila. Aliyejiajiri anaweza kuungana na wenzake wakanunua pamoja. Wapo wanaoona fedha ya glavu ni hasara. Tujiulize: kidole kikikatwa, nyumba italishwa na nani?

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni nani kwetu anayeshika barafu au samaki wa baridi kila siku?
2. Je, ana glavu, na ndani hubaki kavu?
3. Tuweke akiba kiasi gani kila wiki ili tumnunulie?