SOMO LA WAFANYAKAZI: NI SAA IPI ILIYOPIGA ALAMA?



Katika somo hili tutajifunza juu ya alama ya saa. Alama ya saa ni ule wakati ambao mashine huandika kando ya jambo lililotokea: kidole kimebonyezwa, gunia limepimwa, habari imefika. Siku hizi mishahara ya wengi wetu huhesabiwa kwa alama hizo. Kwa hiyo haifai kuwaachia mafundi peke yao jambo hili. Sisi tunaoandika tuliishia darasa la saba, na baada ya kuuliza na kuuliza tena tumelielewa. Nanyi mtalielewa.

1. Yaliyotukuta

Katika kiwanda kimoja hapa Kampala zamu ya asubuhi huanza saa 1:00. Mwajiri aliondoa daftari la askari wa getini akaweka mashine ya kusoma vidole. Baada ya muda wafanyakazi wakaanza kukatwa robo saa hapa, robo saa pale, kwa kosa la kuchelewa. Wenyewe walisema walifika mapema. Karani akawajibu kwamba kompyuta haina ndugu wala haina adui, inaandika ilichokiona.

Tulikwenda ofisini tukaomba orodha. Siku moja katika mwezi ule watu 43 waliandikwa kuwa wamefika saa 1:19, tena kwa sekunde ileile. Mashine ya getini ni moja, nayo husoma kidole kimoja kimoja. Watu 43 watabonyezaje katika sekunde moja?

Fundi akaitwa, akaeleza. Mashine ilisoma vidole vizuri, kila mtu kwa wakati wake. Lakini asubuhi ile mtandao kati ya geti na ofisi ulikatika, na habari zikakaa getini zikisubiri. Mtandao uliporudi zilikwenda zote pamoja, na kompyuta ya ofisini ikazipiga alama kwa saa yake yenyewe, wakati wa kuzipokea. Orodha ilionyesha saa ambayo habari ilimfikia karani. Saa ambayo mfanyakazi alifika kazini haikuwamo.

Fedha za mwezi ule zilirudishwa. Za miezi miwili ya nyuma hazikurudishwa, kwa sababu mashine ya getini ilikuwa imekwisha kufuta kumbukumbu zake, na sisi hatukuwa na ushahidi mwingine. Hiyo ndiyo hasara ya kutouliza mapema.

2. Tatizo hili si letu peke yetu

Yapata mwaka 1890 huko Marekani sonara mmoja wa mji wa Auburn, jina lake Willard Bundy, alipata hati ya saa ya kuandika mahudhurio ya wafanyakazi. Kampuni iliyotengeneza saa zile baadaye iliungana na nyingine, na kutokana na muungano huo ikazaliwa kampuni ambayo mwaka 1924 iliitwa IBM, mtengenezaji mkubwa wa kompyuta. Saa ya getini na kompyuta ya ofisini zina ukoo mmoja.

Wataalamu wa kompyuta nao walikutana na swali letu lilelile: habari ikipita milango mingi, mlango upi upige alama? Tutazame walivyolijibu.

3. Milango minne

Kompyuta nyingi zinazoendesha mitandao duniani hutumia mfumo uitwao Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Katikati ya mfumo huo kuna sehemu iitwayo kiini. Kiini ni kama mnyapara mkuu: ndicho kinachogawa kazi, na programu haitumii vyombo vya mashine bila ruhusa yake.

Habari za mtandao husafiri kwa mafungu madogo yaitwayo pakiti. Pakiti inayoingia hupita milango minne. Kwanza ni kifaa kidogo kinachopokea umeme wa waya, au mwanga wa waya wa kioo, na kuugeuza kuwa tarakimu. Pili ni sehemu ya kadi ya mtandao inayoipokea pakiti nzima na kuikagua. Tatu ni kiini. Nne ni programu inayoitaka habari yenyewe.

Tangu zamani alama ilipigwa na kiini. Lakini mnyapara ana mambo mengi. Pakiti ikifika akiwa amekaa bure, huipiga alama upesi. Ikimkuta na kazi kumi mkononi, husubiri. Wenye ujuzi wanatuambia kwamba ubaya hasa hauko katika kuchelewa, uko katika kuchelewa kusiko sawa. Kama kila mmoja wetu angechelewesha kuandikwa kwa dakika 3 kamili, tungeondoa dakika 3 na hesabu ingekuwa sawa. Lakini leo ni dakika 2, kesho ni 19. Hapo hakuna cha kuondoa.

Kwa hiyo wakaamua kuweka saa mle mle ndani ya kadi ya mtandao, ili alama ipigwe getini. Mwaka 2009 kiini cha Linux kiliongezewa njia mpya ya programu kuomba alama ya getini, na kila alama ikaonyesha kama ni ya kadi au ya kiini. Mwaka 2011, katika toleo la 3.0, saa za kadi zilipewa utaratibu wao rasmi, kazi iliyoongozwa na Richard Cochran. Tangu hapo kila saa ya namna hiyo huandikishwa kwa jina na namba: ptp0, ptp1, na kuendelea. Hakuna saa isiyo na jina.

4. Kuchagua saa

Je, mambo yakaisha? La. Saa zilipokuwa nyingi likaja swali la kuchagua. Kompyuta moja yaweza kuwa na kadi mbili, kila moja na saa yake. Tena katika kadi moja mlango wa kwanza waweza kuwa na saa, na mlango wa pili una saa nyingine. Ya mlango wa kwanza iko karibu zaidi na waya. Ya mlango wa pili huenda ni bora kwa ufundi wake, kwa kuwa haitoshi saa kuwa karibu, lazima pia iwe nzuri.

Kwa miaka mingi uchaguzi kati ya saa hizo mbili ulifanywa ndani ya kiini, na mwenye mashine hakuulizwa. Katika toleo la mwaka 2025 alipewa njia ya kuona saa zilizopo na kusema anaitaka ipi. Tunaona hapo jambo kubwa: hata mafundi walikataa kuchaguliwa saa kimya kimya.

Wana kanuni nyingine tunayopaswa kuikariri: usilinganishe alama mbili zilizopigwa na saa mbili kabla ya kuhakikisha kwamba saa hizo zimewekwa sawa. Ukipiga alama ya kuingia kwa saa ya geti na ya kutoka kwa saa ya ofisi, hesabu ya saa za kazi ni batili, hata kama kila saa inatembea vizuri.

5. Saa inawekwaje sawa?

Saa ya kompyuta hutembea kwa kipande cha kwatsi kinachotetemeka. Kwatsi ya kawaida yaweza kukosea sehemu 20 katika milioni. Ni kidogo, lakini fanya hesabu: kwa siku ni karibu sekunde 1.7, kwa mwezi karibu sekunde 52, na kwa mwaka zaidi ya dakika 10. Umeme ukikatika saa hutegemea betri ndogo kama kifungo. Betri ikifa, saa husahau tarehe na mwaka.

Ndiyo maana kompyuta huuliza saa kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao. Taratibu za kuuliza hivyo zilipangwa na David Mills wa Marekani na kuandikwa mwaka 1985. Chukua mfano wa boda boda. Tuko Nakawa, na katikati ya mji kuna saa tunayoiamini. Tunamtuma kijana saa 4:00 kwa saa yetu, anarudi saa 4:40, anasema huko aliiona saa 4:25. Safari nzima ni dakika 40, basi tunasema kwenda ni 20 na kurudi ni 20. Alipoiona, saa yetu ilikuwa 4:20. Kumbe tuko nyuma dakika 5.

Lakini kama kwenda alikutana na foleni akatumia dakika 30, na kurudi akatumia 10? Hapo alipoiona saa ya mjini, yetu ilikuwa 4:30. Kumbe tuko mbele dakika 5! Majibu mawili yanayopingana, kwa kijana yuleyule. Na kama alifika mapema lakini askari akamweka getini kabla ya kuandika wakati wake, kosa ni lilelile. Kwa hiyo alama za kuondoka na kufika zikipigwa getini kabisa, sehemu hiyo ya kosa huondoka. Hiyo ndiyo sababu saa ya ndani ya kadi ni muhimu.

Kwa nchi yetu jambo hili lina uzito. Uganda haina bahari. Nyaya za baharini zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na pakiti ya kutoka Mombasa hutembea zaidi ya kilomita elfu moja kufika Kampala. Kabla ya hapo tulitegemea sana setilaiti, na kupitia setilaiti za mbali swali na jibu huchukua karibu nusu sekunde. Tangu mwaka 2001 Kampala ina kituo cha kubadilishana pakiti, UIXP, ili habari za hapa kwenda hapa zisilazimike kuzunguka ng'ambo. Njia ikiwa fupi, foleni nayo hupungua, na saa hukubaliana vizuri zaidi.

6. Tufanye nini?

Zamani kwenye mashamba mzee alikuwa na kipande chake, siku aliyofanya kazi ikawekwa alama mbele ya macho yake. Hakukubali kipande kiandikwe jioni na mtu asiyemwona. Nasi tusikubali. Mwajiri akileta mashine mpya, kamati ya tawi iulize maswali haya, na majibu yaandikwe:

(a) Alama hupigwa wapi: getini, au habari ikifika ofisini?
(b) Ni saa ipi inayopiga, na je, kuingia na kutoka hupigwa na saa hiyo hiyo?
(c) Saa hiyo hufuata saa gani, na hukaguliwa mara ngapi?
(d) Nani anaruhusiwa kuisogeza mbele au nyuma, na je, jina lake huandikwa anapofanya hivyo?
(e) Umeme au mtandao ukikatika, alama huwa namna gani?
(f) Kumbukumbu za mashine ya getini hutunzwa kwa muda gani kabla ya kufutwa?

Ndugu zetu wa mashamba ya chai waongeze swali lao. Majani yakikaa juani hupoteza maji, na uzito hupungua. Kama mchumaji hulipwa kwa kilo, basi alama ya kufika mizanini na alama ya kupimwa ni mbili tofauti, na zote ziandikwe.

Sheria inatusaidia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka juma la kazi kuwa saa 48. Saa za ziada katika siku ya kazi hulipwa si chini ya mara moja na nusu, na katika sikukuu ya serikali mara mbili. Lakini saa ya ziada isiyo na alama ya kweli ni vigumu kuidai. Tena Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuziona habari zake zilizotunzwa na mwingine. Alama ya kidole chako na saa uliyofika ni habari zako. Omba kuziona.

Na kila mmoja awe na daftari dogo. Andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na jina la mwenzako mliyeingia pamoja. Daftari la mtu mmoja laweza kubishiwa. Madaftari 43 yanayosema jambo moja ni vigumu kuyabishia.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kwa nini kuchelewa kusiko sawa ni kubaya kuliko kuchelewa kulikosawa?
2. Katika kazi yenu alama ya saa hupita milango mingapi kabla ya kufika kwa karani wa mshahara? Ichoreni njia yake.
3. Boda boda ametoka saa 3:00, amerudi saa 3:30, na huko aliiona saa 3:20. Kama kwenda na kurudi ni sawa, saa yenu iko nyuma au mbele, na kwa dakika ngapi?

Somo likisha kusomwa, gazeti hili lipelekwe kwa wenzetu wa zamu ya usiku. Umoja ni nguvu.