Darsa la Ramadhani, Siku ya 18: Inamisha Kichwa Kabla Hujailaumu Taa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Alhamdulillah, tumefika siku ya 18. Kumi la mwisho liko mlangoni, na wengi wetu tutazidi kuwa barabarani usiku: kwenda tarawehe, kurudi, kisha kutoka tena kwa ajili ya kisimamo. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya macho na taa. Msishangae, darsa ni la dini vilevile. Soma mpaka mwisho.

*Yaliyonikuta*

Miaka minne iliyopita, Ramadhani kama hii, nilikuwa narudi nyumbani baada ya tarawehe kwa njia ya kwenda Pangani. Mie naendesha, mke wangu kakaa pembeni. Mbele likaja basi na taa zake kali. Nikaona kile nilichozoea kuona: taa zimechanua, kila moja imetoa miale mirefu, mpaka zimeshikana zikawa kama ukuta wa mwanga. Nikapita kwa kukisia. Ghafla mke wangu akapiga ukelele, "Baba Zuhura, mtu!" Nikakata usukani. Mzee mmoja alikuwa anakokota baiskeli yake pembeni ya lami. Nilimpita karibu mno. Hakuguswa, alhamdulillah, lakini mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Niliposimamisha gari nikaanza kulaumu. Nikasema madereva hawa hawana huruma, taa zao zinatawanyika barabara nzima, mtu ataonaje? Mke wangu akaniuliza taratibu, "Zinatawanyika vipi?" Nikamweleza: kama shokishoki, nywele kila upande. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nimeona taa mbili tu. Kali, lakini mbili. Na yule mzee nilimwona tangu mbali, nikadhani na wewe umemwona."

Nilikuwa na miaka 40. Tangu utotoni nilidhani taa za usiku ndivyo zilivyo kwa kila mtu. Sikuwahi kumuuliza mtu, kwa sababu hakuna anayeuliza jambo ambalo kwake ni la kawaida.

*Mtaalamu alivyonieleza*

Wiki ile ile nikaenda kupimwa. Mpimaji wa macho akaniambia nina hali inayoitwa astigimatizimu. Akachukua kijiko na kunionyesha mgongo wake. Jicho lina kioo cha mbele, kinaitwa konea. Kioo hicho kinatakiwa kuwa mviringo sawasawa kila upande, kama mpira wa miguu. Kwa baadhi yetu kimepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mgongo wa kijiko au kama yai. Wakati mwingine tatizo liko kwenye lenzi iliyo ndani ya jicho. Basi mwanga unaoingia haukusanyiki mahali pamoja nyuma ya jicho. Sehemu yake inakusanyika mapema, sehemu nyingine inachelewa. Kitu ambacho kingekuwa nukta kinakuwa mstari au kivuli cha pili. Jina lenyewe limetokana na Kigiriki, na maana yake ni kukosa nukta.

Nikamuuliza, mbona mchana naona vizuri kiasi? Akasema mchana lile tundu jeusi la katikati ya jicho linajibana, mwanga unapita sehemu ndogo tu ya kioo. Usiku tundu linafunguka sana ili tuone gizani, mwanga unaingia hata kwa pembeni, na ule mpindo wote unajitokeza. Ongeza hapo giza la barabara na taa kali, miale inaonekana waziwazi.

Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si dalili ya upofu. Watu wengi sana wanayo, wengine kidogo, wengine zaidi. Mwingereza Thomas Young aliieleza mwaka 1801 baada ya kuigundua kwenye macho yake mwenyewe. Mwaka 1825 mwenzake George Airy, bingwa wa elimu ya nyota, akatengenezewa lenzi maalumu kwa jicho lake la kushoto. Miwani ninayovaa leo inafuata njia hiyohiyo. Siwezi kusema taa zimekuwa kamili kama anavyoziona mke wangu, usiku wa mvua bado natembea polepole. Lakini sasa basi lina taa mbili.

*Mwanafunzi niliyemkosea*

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Tulikuwa na mtoto wa miaka tisa madrasa, anakaa nyuma. Hodari wa kuhifadhi kwa kusikia, lakini ubaoni alikuwa anachanganya *ta* na *tha*, mara aseme *ba* ni *nun*. Mnajua herufi zetu: umbo linakaribiana, nukta ndiyo inayotofautisha. Nukta moja, mbili, tatu, juu au chini. Siku moja nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwita mvivu. Wenzake wakacheka, na mimi sikuwakataza.

Siku nilipopata miwani, jioni nilikwenda madrasa peke yangu. Nikakaa pale alipokuwa anakaa yule mtoto. Nikavua miwani, nikatazama ubao. Nukta mbili za *ta* zimevutana, nukta tatu za *tha* zimevutana, zote zimekuwa kama michirizi ya chaki. Na mimi herufi zile ninazijua miaka yote, naweza kukisia. Yeye ndio kwanza anajifunza. Atakisia nini?

Nilimwendea mama yake, mtoto akapelekwa kupimwa. Naye anayo, tena kuliko yangu. Alipopata miwani nilimwomba radhi mbele ya darasa zima, maana nilimkosea hadharani. Nikamuuliza, "Mwanangu, kwa nini hukusema kwamba huoni?" Akanijibu, "Mwalimu, mie nilidhani wote mnaziona hivyohivyo, ila nyinyi mna akili zaidi yangu."

Wazazi na walimu, tuliweke neno hili moyoni. Mtoto hawezi kulalamika kwamba haoni, kwa sababu hajawahi kuazima macho ya mwingine. Anachoweza kufanya ni kujilaumu, na sisi tunamsaidia kujilaumu.

*Kadhi na unywele mweupe*

Inasimuliwa katika vitabu vya historia kisa cha Iyas bin Muawiya, aliyekuwa kadhi wa Basra, mtu mashuhuri kwa akili. Watu walitoka kutazama mwezi, na miongoni mwao alikuwamo swahaba Anas bin Malik (r.a.), umri umekaribia miaka 100. Anas akasema ameuona mwezi, akawa anaonyesha kwa kidole. Wengine wote hawaoni kitu. Iyas akamtazama vizuri, akaona unywele mweupe wa nyusi umejikunja mbele ya jicho lake. Akaulaza kwa upole, akamwomba awaonyeshe tena mwezi uko wapi. Anas akatazama, akasema hauoni.

Tazameni adabu ya kadhi yule. Hakumwambia mzee kwamba ni mwongo. Anas hakusema uongo hata kidogo, alisimulia kile macho yake yalichompa. Na Iyas hakuipokea habari kwa sababu tu aliyeitoa ni mtu mkubwa. Alitafuta kitu gani kimesimama kati ya jicho na mbingu, akakiondoa kwa upole. Na mzee naye, alipoona kwamba haoni, alisema haoni. Hakung'ang'ania.

Katika mji huohuo wa Basra, zaidi ya miaka 200 baadaye, alizaliwa Ibn al-Haytham, mwanachuoni wetu aliyebainisha kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni. Basi kama mwanga ndio unaoingia, kasoro inaweza kuwa kule unakotoka, inaweza kuwa njiani, na inaweza kuwa mlangoni kwetu.

*Kipimo cha kichwa*

Mpimaji wangu alinifundisha jambo jepesi la kutenganisha hayo. Usiku simama mahali salama, usiwe unaendesha. Tazama taa moja ya mbali, ukiona miale angalia imeelekea wapi. Kisha inamisha kichwa taratibu kuelekea begani. *Miale ikizunguka pamoja na kichwa chako, chanzo ni jicho lako au miwani uliyovaa. Ikibaki ilivyo, chanzo kiko nje:* pengine kioo cha gari ni kichafu, pengine ni taa yenyewe. Miale kidogo kila mtu anaweza kuiona, hasa akikaza macho, kwa hiyo jambo hili si badala ya kupimwa. Lakini linafundisha.

Tangu siku ile nimelitumia hata pasipokuwa na taa. Mtu amehama misikiti mitatu, na kila msikiti kaona watu wake wabaya. Amefanya kazi kwa matajiri watano, wote kawaona dhalimu. Kaoa mara ya tatu, na malalamiko ni yaleyale aliyoyasema kwa mke wa kwanza. Ndugu yangu, miale inazunguka na kichwa chako. Huenda tatizo haliko kule unakotazama. Siku hizi za kufunga, njaa na usingizi vinatuongezea ukali, basi ukiona kila mtu leo kakuudhi, jiulize kwanza.

Na mimi sisemi kwamba kila lawama ni kosa la mlalamikaji. Wapo madhalimu kweli, na zipo taa mbaya kweli. Wewe unayedhulumiwa usiambiwe ni macho yako. Ndiyo maana kuna kupima. Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa, aya ya 36, ametukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo, na ametujulisha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Kwa hiyo kusema "nimeona kwa macho yangu" hakutoshi. Uliona nini, na kupitia kioo gani?

*Mambo ya kufanya*

1. Mtoto akikaza macho, akisogea karibu na ubao, akiinamisha kichwa upande mmoja anaposoma, au akichanganya herufi, apimwe macho kabla ya kuitwa mvivu.

2. Usivae miwani ya kuazima wala kuokota yoyote iliyo tayari mtaani kwa tatizo hili. Lenzi ya astigimatizimu inatengenezwa kwa mwelekeo wa jicho lako wewe. Hata fremu ikipinda, fika ikanyooshwe.

3. Waendesha bodaboda, bajaji na magari: safisheni kioo na miwani kabla ya kutoka usiku. Ukipofushwa na taa, punguza mwendo. Usipite kwa kukisia kama nilivyofanya mimi. Na taa zako kali, mpunguzie anayekuja.

4. Wazee wanaoanza kuona duara la mwanga au ukungu kuzunguka taa wasiseme ni uzee tu. Huenda ni mtoto wa jicho, na unatibika. Jicho likiuma sana ghafla, likawa jekundu, na mtu anaona rangi kama za upinde wa mvua kuzunguka taa, pengine na kutapika, huo ni udharura. Hospitali usiku huohuo.

5. Kijana ambaye namba za miwani zinabadilika kila mara arudi kwa mtaalamu, huenda konea yake inaendelea kuchongoka. Na tuache kufikicha macho, kunaumiza.

6. Wengi wanauliza: je, dawa ya matone ya macho inabatilisha swaumu? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii haibatilishi, hata ukihisi ladha yake kooni. Mwenye wasiwasi apange miadi ya jioni ili atiwe dawa baada ya kufuturu. Lakini dawa ya kupanua tundu la jicho inaacha ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo nenda na mtu, usiendeshe mwenyewe.

*Kazi ya leo:* usiku huu, mkitoka tarawehe, simameni uani na watoto. Waonyesheni taa ya mbali, kisha muulize kila mmoja, "Wewe unaiona vipi?" Msimcheke yeyote kwa jibu lake. Mie nilifika miaka 40 bila kuulizwa swali hilo, na kidogo tu mzee wa watu alipe kwa roho yake.

Ewe Mola wetu, tupe nuru machoni mwetu na nuru nyoyoni mwetu. Tuonyeshe kasoro zetu kabla ya kasoro za wenzetu. Wasamehe walimu waliowadhania vibaya wanafunzi wao, na mimi niwe wa mwanzo. Walinde wasafiri wetu wa usiku, na utufikishe kumi la mwisho tukiwa na afya na imani. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzako, hasa mwenye mtoto anayesoma.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.