SOMO: MASHINE YA KUCHONGA MBAO INAPOPOTEZA ALAMA

Mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta hupunguza kazi nyingi ya patasi. Lakini ikikosea, ubao mzima wa mninga huharibika, na hasara humwangukia mwanachama. Kwa hiyo fundi wa Kigoma au Ujiji aliye nayo nyumbani yampasa ajue asili ya kosa kabla ya kuilaumu kompyuta.

Mashine nyingi ndogo hazina jicho. Kompyuta hutoa amri, mota husogea hatua kwa hatua, wala hakuna kinachorudisha habari kwamba hatua imetimia. Mota ikikwama kidogo tu, nakshi yote inayofuata huhama.

Kipimo ni rahisi. Kisu kiinuliwe kidogo juu ya ubao, alama ya penseli itiwe chini yake, kisha mashine iamriwe kwenda milimita 100 na kurudi, mara 10.

1. Isiporudi penye alama, umeme ukatwe, skrubu zinazounganisha mota na hesi zikazwe, na unga wa mbao ufutwe.

2. Ikirudi, lakini mwendo ukipimwa kwa rula ni milimita 98, hesabu ya hatua kwa kila milimita isahihishwe katika kompyuta.

3. Ikiwa sawa hewani na kukosea ndani ya mbao, basi kisu ni butu, au kinakwenda mbio, au kinachimba kina kupita kiasi.

Majaribio yafanywe kwenye kipande cha ubao kisicho na thamani. Naye katibu wa chama aandike daftarini kila kosa na dawa yake, ili hasara ya mmoja iwe somo la wote.