Mwaka wa lugha China si mwaka wa kupotea

Tumezoea kusikia maneno kwamba tutafute elimu hata ikiwa China. Wanazuoni wa Hadithi wameyakosoa sana, na Ibn al-Jawzi aliyaweka miongoni mwa yaliyozushwa. Lakini wajibu wa kutafuta elimu umethibiti kwa dalili nyingine, na safari ya China leo si mfano tu. Vijana wetu wanakwenda. Suala ni je, wamejiandaa?

Mzazi mmoja wa Katesh, wilayani Hanang, alinieleza kuwa kijana wake anaomba ufadhili wa kusoma China. Kilichomkera ni kuambiwa kuwa mwaka wa kwanza mzima atasoma lugha. "Mwalimu, huko si kupoteza mwaka?" aliniuliza. Jibu langu ni hapana, kwa sababu tatu.

Kwanza, mwaka huo ndio mlango wenyewe. Anayepewa ufadhili wa Serikali ya China kusoma shahada ya kwanza kwa Kichina, naye hakijui, hupitia mwaka wa matayarisho na kufanya mtihani. Akishindwa, hafiki kwenye fani aliyoiendea. Na Kichina hakitaki mzaha. Neno "mai" likitamkwa kwa sauti inayoshuka kisha ikapanda, ni kununua. Likitamkwa kwa sauti inayoshuka kwa mkato, ni kuuza. Maandishi nayo hayana alfabeti. Kusoma gazeti kunahitaji alama zipatazo 3,000.

Hata hivyo, vijana wetu wasijidharau. Mtoto wa Mbulu huanza na Kiiraqw nyumbani, akajifunza Kiswahili na Kiingereza shuleni. Na Kiiraqw, tofauti na Kiswahili, ni lugha ambayo sauti ya juu na ya chini ina kazi katika sarufi. Sikio lake si geni kabisa.

Pili, lugha ndiyo ufunguo wa manufaa. Mbulu inalima vitunguu saumu, na China huzalisha zaidi ya nusu ya vitunguu saumu vya dunia nzima. Mengi kuhusu mbegu, uhifadhi na mashine za zao hilo yameandikwa kwa Kichina. Mhitimu anayekijua atayasoma mwenyewe na kuwafikishia wakulima. Asiyekijua atamtegemea mkalimani, na mkalimani ana mwajiri wake. Tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alimwagiza Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na mtu anayeaminika.

Tatu, wazazi wanahofia dini ya kijana ugenini. Hofu hiyo ina msingi, lakini lugha huipunguza. China ina Waislamu wengi, wakiwemo Wahui ambao lugha yao ni Kichina. Mikahawa yao huandikwa alama mbili zinazosomwa "qingzhen", yaani safi na kweli. Anayezitambua anakula kwa utulivu. Asiyezijua anapita mlangoni na njaa yake. Kijana ajue pia kuwa sheria za huko haziwaruhusu wageni kueneza dini. Aswali, asome, aishi na watu kwa tabia njema.

Nasaha yangu ni kwamba kijana asingoje kupanda ndege ndipo aanze. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilianzishiwa Taasisi ya Confucius mwaka 2013 kwa ajili ya kufundisha Kichina. Kutoka Katesh hadi Dodoma kupitia Singida ni safari ya basi. Miezi michache ya kujifunza sauti na alama za mwanzo itamwonyesha kama ana subira ya lugha hii, kabla mzazi hajauza ng'ombe kwa ajili ya pasipoti na nauli.

Mzazi mwenzangu, mwaka unaopotea ni ule ambao kijana anakwenda bila kujiandaa, kisha anarudi mikono mitupu.

Wabillahi tawfiq.