Kuhama Daftari la Kuhesabu Wageni wa Tovuti

Mwenye duka huwaona wateja wake kwa macho. Mwenye tovuti hawezi, kwa hiyo huweka programu imhesabie wageni. Mojawapo ijulikanayo sana ni Google Analytics, iliyoanza mwaka 2005. Leo twataka kueleza jinsi daftari lake la zamani lilivyofungwa, na hasara iliyowapata waliochelewa.

Daftari la zamani liliitwa Universal Analytics. Jipya, Google Analytics 4, lilitolewa Oktoba 2020. Tarehe 1 Julai 2023 la zamani liliacha kuandika hesabu mpya, ila kwa waliolipia, ambao waliongezewa mwaka mmoja. Tangu tarehe 1 Julai 2024 likafungwa kabisa, na hesabu zilizokuwamo zikafutwa.

Je, yapo mambo gani yanayoyatofautisha? La zamani lilihesabu hasa ziara na kurasa zilizofunguliwa. Jipya lahesabu matukio: kufungua ukurasa ni tukio, kuusoma mpaka karibu na mwisho ni tukio, kupakua faili ni tukio.

Tazama mfano huu. Mzazi ataka kujua ada ya shule. Afungua ukurasa mmoja, ausoma dakika tano, kisha aenda zake. Daftari la zamani, kwa kuwa halikupata habari nyingine baada ya ukurasa ule, kwa kawaida lilimwandika kuwa mtu aliyegeukia mlangoni, na muda wake sifuri. Jipya lamwandika kuwa mgeni aliyeshughulika, maana amezidi sekunde 10. Mzazi ni yule yule, lakini hesabu ni mbili. Basi ukizipanga hesabu za 2022 na za 2024 katika jedwali moja bila maelezo, utakuwa kama mtu apimaye kitambaa nusu kwa mkono wa mtu mzima na nusu kwa mkono wa mtoto.

Kwa hiyo mwenye kuhama yampasa afanye haya:

1. Afungue daftari jipya mapema, yote mawili yaandike pamoja, maana hesabu za zamani hazihamii katika jipya.

2. Azinakili hesabu za zamani katika faili lake mwenyewe.

3. Atazame muda wa kuhifadhi. Katika jipya, habari za mgeni mmoja mmoja huwekwa miezi 2 tu, mpaka mwenyewe achague 14.

4. Aandike kando ya kila hesabu imetoka daftari gani.

Waliofungua jipya katikati ya mwaka 2021 walipata miaka miwili ya kulinganisha. Waliongoja mpaka Julai 2023 walianza na ukurasa mtupu. Na wale waliosahau kunakili kabla ya Julai 2024 hawana tena pa kurejea, hata kama walihesabu kwa miaka kumi.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa leo tuna la kuongeza: daftari likikaa nyumbani kwa mwingine, siku ya kulifunga huipanga yeye. Enyi mnaotunza tovuti za shule na za vyama, wekeni nakala yenu.