Mazoezi na Maumivu ya Hedhi

Wakati wa hedhi, utando wa ndani wa mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo hukaza misuli na kupunguza damu inayoifikia. Hiyo ndiyo asili ya maumivu ya kawaida ya chini ya kitovu. Tafiti zimeonesha kuwa mazoezi ya dakika 45 hadi 60, angalau mara 3 kwa wiki, huweza kuyapunguza. Si lazima yawe mazito: kutembea kwa haraka au kunyoosha viungo hufaa. Muhimu ni kuyadumisha mwezi mzima, si kungoja siku ya maumivu.

Hata hivyo, maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi, au yanayoambatana na kutokwa damu nyingi, huweza kuashiria ugonjwa. Mwanamke huyo asiambiwe ni chango tu, avumilie; achunguzwe.